Kutia ukungu paneli ya akriliki na kuiwasha kwenye kasha la kompyuta

Akriliki angavu, plastiki ngumu inayofanana na kioo, ina tabia moja inayotawala kazi hii yote: mwanga ukiingia kupitia ukingo wake, hufungwa ndani. Husafiri kutoka ukingo mmoja hadi mwingine huku ukigonga nyuso mbili kubwa na kurudishwa, na aliyesimama mbele ya paneli haoni kitu. Hutoka pale tu uso ulipokwaruzwa, ulipochimbwa au ulipopigwa mchanga. Kinachowaka ni mkwaruzo. Ndiyo maana alama ya kidole nayo hung'aa, ukingo uliokatwa ovyo hutoa mstari mkali usiotakiwa, na paneli iliyotiwa ukungu yote, yaani iliyokwaruzwa mpaka ikawa nyeupe, huwaka karibu na taa kisha ikafa katikati.

Hapa pana kazi mbili ambazo wengi huzichanganya. Ya kwanza ni mchoro unaowaka: paneli hubaki angavu, mchoro peke yake ndio unaotiwa ukungu, na taa hukaa ukingoni. Ya pili ni paneli ya kutandaza mwanga: uso wote unatiwa ukungu, taa zinakaa nyuma yake, na nyaya zilizo nyuma hazionekani tena. Usitie ukungu uso wote halafu ukaweka taa ukingoni. Sentimita chache za mwanzo zitamwaga karibu mwanga wote, na upande wa mbali utabaki giza. Vioo vya laptop huwashwa kutoka ukingoni na bado huangaza sawasawa, lakini bamba lililo nyuma yake limewekewa vitone maalumu, vichache au vidogo karibu na taa na vingi au vikubwa kadiri unavyokwenda mbali. Kanuni hiyo unaweza kuitumia: kama mchoro wako ni mrefu, sehemu iliyo karibu na taa iwe ya mistari myembamba, na iliyo mbali ijazwe ukungu kamili.

Bamba la kununua

Akriliki huuzwa na mafundi wa mabango. Wengi huiita Perspex hata kama si ya kampuni hiyo. Bamba zima aghalabu ni milimita 1220 kwa 2440, lakini paneli ya kasha haihitaji hata robo yake, kwa hiyo ulizia vipande vilivyobaki. Uliza pia kama imemiminwa au imesukumwa. Iliyomiminwa kati ya vioo viwili huchongwa vizuri kwa leza na kuacha weupe wa barafu. Iliyosukumwa kwa mashine huyeyuka kidogo chini ya leza, mchongo ukatoka angavu na dhaifu. Kwa msasa au kupiga mchanga, aina zote mbili zinafaa.

Hakikisha hujauziwa polikaboneti, plastiki nyingine angavu inayofanana na akriliki. Yenyewe hupindika bila kuvunjika, hukwaruzika upesi, na ikichongwa kwa leza hugeuka njano na kutoa moshi mwingi. PVC, plastiki ya mabomba, isipelekwe kabisa kwenye mashine ya leza, kwa sababu moshi wake una asidi ya hidrokloriki inayodhuru mapafu na kuilia mashine. Na kama kasha lako lilikuja na kioo cha temper (kilichoimarishwa kwa joto), usijaribu kukikata wala kukitoboa. Kitapasuka chote kwa mara moja. Kiweke pembeni, ukitumie kama kipimo cha kuchorea paneli mpya.

Unene huamuliwa na taa. Mkanda wa LED wa aina ya 5050 una chipu za milimita 5 kwa 5. Ukiuweka kwenye ukingo wa milimita 3, sehemu kubwa ya mwanga hupita pembeni na kuangaza ndani ya kasha badala ya kuingia kwenye paneli. Kwa 5050 tumia bamba la milimita 5 au 6. Kwa bamba la milimita 3 tafuta mkanda wa 2835, ambao chipu zake ni milimita 2.8 kwa 3.5. Paneli ya sentimita 45 kwa 40 yenye unene wa milimita 5 ina uzito wa kilo 1 na ushee, kwa hiyo skrubu nne za M3 (za kipenyo cha milimita 3) zinaibeba bila taabu.

Kukata, kutoboa na kung'arisha ukingo

Usibandue karatasi ya kinga mpaka pale tutakaposema. Pima, chora juu yake kwa kalamu, na uache milimita 1 zaidi kila upande kwa ajili ya tupa na msasa.

Bamba la milimita 3 hukatika kwa kukwaruza na kuvunja: shikilia rula ya chuma, pitisha kisu cha kukwaruzia mara 8 hadi 10 kwenye mstari uleule, weka mstari sambamba na ukingo wa meza, kisha bonyeza kwa nguvu na kwa haraka. Ukibonyeza polepole, ufa huacha mstari na kwenda unakotaka wenyewe. Kwa milimita 5 na zaidi tumia jigso (msumeno mdogo wa umeme) yenye meno madogo, mwendo wa chini, bamba likiwa limebanwa kwenye meza pande zote mbili za mkato. Mwendo wa kasi huyeyusha akriliki, na nyuma ya msumeno mkato hujigandisha tena. Ukiona chenga zinanata kwenye meno badala ya kudondoka kama unga, punguza mwendo.

Biti ya kawaida ya chuma huing'ata akriliki inapotokea upande wa pili, na hapo ndipo nyufa nyingi huanzia. Weka ubao chini, bana pamoja, tumia mwendo mdogo, na punguza mkandamizo kabla ya biti kutokea. Tundu la skrubu ya M3 litobolewe kwa biti ya milimita 4. Nafasi hiyo ni ya lazima, kwa kuwa akriliki hutanuka kiasi cha sehemu 70 kwa milioni kwa kila digrii ya joto: paneli ya milimita 400 ikipata joto la digrii 30 zaidi hurefuka kwa takriban milimita 0.8. Ikiwa imebanwa bila nafasi, hujikunja au hupasuka kwenye tundu. Weka washa ya plastiki au ya mpira chini ya kichwa cha skrubu na usikaze mpaka mwisho. Tundu likae angalau milimita 8 kutoka ukingoni.

Ukingo utakaopokea taa unastahili muda kuliko sehemu nyingine yoyote, na ndio watu wanaoupitia haraka. Akriliki hupinda mwanga kwa kiwango cha 1.49. Mwanga ukiingia kupitia ukingo ulionyooka na unaong'aa, hauwezi kuinama zaidi ya digrii 42 kutoka mwelekeo ulionyooka wa kwenda mbele. Kwa hiyo ukifika kwenye uso mkubwa huugonga kwa mlalo kiasi kwamba lazima urudi ndani. Wote hunaswa. Ukingo wenye mikwaruzo huutawanya mwanga kila upande, sehemu yake huugonga uso kwa wima na kutoka papo hapo, na matokeo ni ule mstari mkali wa sentimita moja au mbili pembeni mwa paneli huku mchoro wa katikati ukibaki hafifu.

Anza na tupa laini kuondoa alama za msumeno. Kisha msasa wa namba 240, 400, 600, 800 na 1200 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), kuanzia 400 ukitumia maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Zungushia msasa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka ili ukingo usiviringike. Kila hatua endelea mpaka mikwaruzo ya hatua iliyotangulia iishe; ukiruka namba, mikwaruzo ya zamani itabaki chini ya mng'ao na utaiona taa zikiwaka. Maliza kwa kusugua na Brasso (dawa ya kung'arishia shaba) au dawa nyeupe ya meno kwenye kitambaa cha pamba.

Mafundi wengine hupitisha moto wa gesi ukingoni na kupata mng'ao kwa sekunde chache. Kwa bango la dukani si neno. Kwa paneli ya kasha hatupendekezi: moto huacha mkazo ndani ya akriliki, na siku utakayofuta ukingo huo kwa spiriti, nyufa ndogondogo zitachanua zote kwa pamoja. Kata za leza nazo zina mkazo huohuo. Chochote kilichoguswa na moto au leza kisafishwe kwa maji na sabuni tu.

Kutia ukungu

Krimu za kuchorea vioo, zile za asidi, hazifanyi kazi hapa. Zinakula silika iliyo ndani ya kioo, na akriliki haina silika. Usitupe pesa.

Kwa paneli ya kutandaza mwanga, msasa unatosha. Bandua kinga upande mmoja tu, ule utakaoelekea ndani ya kasha. Sugua kwa 220 na maji kwa miduara midogo inayoingiliana, uso wote, kisha rudia kwa 400. Ukisugua kwa mistari mirefu, mwanga utaonyesha mistari hiyo. Mashine ya msasa ya kuzunguka hufanya kazi hii kwa dakika chache, ila usiikandamize, kwa sababu joto lake huyeyusha vumbi na kuligandisha kwenye uso. Usihukumu kazi ikiwa ina maji: maji hujaza mikwaruzo na paneli huonekana angavu kana kwamba hukufanya lolote. Ioshe, iache ikauke, kisha ielekeze dirishani uangalie madoa yaliyorukwa.

Kwa mchoro, njia bora ambayo haihitaji leza ni stensili ya stika na kupiga mchanga. Mpelekee fundi wa mabango mchoro wako akukatie kwenye stika nene ya vinili. Kwa kuwa utachora upande wa ndani wa paneli, mchoro wote ugeuzwe kama uonekanavyo kwenye kioo cha kujitazamia. Maandishi yaliyosahauliwa kugeuzwa hayarekebishiki. Bandua kinga, osha uso, bandika stika, na sugua kingo zake zote kwa mgongo wa kijiko. Sehemu yoyote iliyoinuka itapitisha mchanga chini yake. Funika nyuso na kingo zote zilizobaki, hasa ule ukingo ulioung'arisha. Masking tepu ya karatasi haitoshi, hutobolewa upesi. Ongeza tabaka la stika au acha karatasi ya kinga mahali pake.

Mafundi wanaochora milango ya vioo kwa mchanga wanaweza kukufanyia hili kwa muda mfupi. Waambie watumie oksidi ya alumini ya punje namba 80 hadi 120, presha ya baa 2 hadi 3, umbali wa sentimita 15 hadi 20, na mkono usisimame sehemu moja. Presha waliyoizoea kwenye kioo mara nyingi ni kubwa mno kwa akriliki, huipasha joto na kuichimba mashimo. Ukifanya mwenyewe, vaa barakoa ya vumbi na miwani, na usitumie mchanga wa mtoni wala wa ufukweni: vumbi la silika huharibu mapafu moja kwa moja, na halitoki.

Huna kompresa? Stensili hiyohiyo hufaa kwa msasa wa 320 uliokatwa vipande vidogo na kubandikwa kwenye ncha ya kifutio. Ni kazi ya subira lakini hutoa ukungu safi. Kwa mistari myembamba tumia mashine ndogo ya kuchongea yenye ncha ya almasi, isizidi mizunguko 10,000 kwa dakika, ukipita mara mbili au tatu kwa kina kidogo. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki.

Leza ya CO2 ndiyo sahihi kuliko zote kwa michoro yenye vivuli na herufi ndogo. Kina cha milimita 0.2 hadi 0.5 kinatosha. Kuchimba zaidi hakuongezi mwanga unaostahili kutajwa, ila hutengeneza mifereji ya kushika vumbi.

Spreyi za kutia ukungu zipo, na zinatoa weupe wa kupendeza kwenye paneli ya kuwashwa kwa nyuma. Piga tabaka 3 au 4 nyembamba kutoka sentimita 25, kila moja ikikauka kwanza. Baadhi zina thina inayopasua akriliki, kwa hiyo kipande cha majaribio kikae usiku kucha kabla hujagusa paneli. Kwa mchoro wa kuwashwa ukingoni spreyi ni dhaifu kuliko mkwaruzo.

Kupanga taa

Kwa mchoro, weka mkanda ndani ya mfereji wa alumini wenye umbo la U, upana wa ndani milimita 10 hadi 12. Mafundi wa madirisha ya alumini huwa na mabaki yanayofaa. Mkanda hubandikwa kwenye sakafu ya mfereji na ukingo wa paneli huingia humo, ukiacha nafasi ya hewa ya nusu milimita hadi milimita moja mbele ya chipu. Usijaze nafasi hiyo gundi. Kuta za mfereji zizuie mwanga usiruke nje, kwani mwanga unaopita pembeni humsumbua mtazamaji macho na kuufanya mchoro uonekane hafifu.

Usibandike kitu chochote kwenye uso angavu wa paneli. Gundi au tepu ya pande mbili ikigusana na akriliki bila hewa katikati huufungulia mwanga mlango, na mahali hapo patawaka au pataunyonya mwanga usifike kwenye mchoro. Ukitaka mandhari nyeusi nyuma ya mchoro, weka karatasi nyeusi ikiwa imeachana na paneli kwa milimita moja au mbili. Kingo tatu zisizo na taa zifunikwe kwa tepu nyeupe ya kuakisi au foili ya alumini, mwanga urudi ndani upite tena kwenye mchoro. Wanaopenda ukingo unaong'aa huuacha wazi na kuukubali mchoro uwe hafifu kidogo. Paneli ikizidi sentimita 30 kutoka kwenye taa, washa kutoka pande mbili zinazotazamana.

Kwa paneli ya kutandaza mwanga, cha muhimu ni umbali. Mkanda wenye LED 60 kwa mita una nafasi ya karibu milimita 17 kati ya taa na taa. Paneli ikiwa karibu zaidi ya hapo utaona kila taa kama doa. Iweke milimita 20 hadi 25 mbele ya taa, au tumia mkanda wa LED 144 kwa mita, ambao nafasi zake ni milimita 7, pale palipobana. Paka ukuta wa nyuma rangi nyeupe isiyong'aa. Usizibe njia ya hewa ya feni kwa ajili ya urembo huu, na paneli isiguse chuma cha moto cha kadi ya picha: akriliki huanza kulainika inapokaribia digrii 100.

Umeme

Mazabodi nyingi (ubao mkuu wa kompyuta) zina soketi za taa za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoua mikanda. Ya pini 4 ni ya volti 12, ambapo taa zote hubadilika rangi pamoja. Ya pini 3 ni ya volti 5, ambapo kila taa huongozwa peke yake. Mkanda wa volti 5 ukichomekwa kwenye volti 12 huungua hapohapo. Soma maandishi yaliyo kwenye ubao kabla ya kuchomeka, na usilazimishe plagi.

Piga hesabu ya ampea. Mkanda wa 5050 wa volti 12 wenye LED 60 kwa mita hula wati 14.4, yaani ampea 1.2 kwa mita. Sentimita 40 ni kama nusu ampea, na soketi yoyote inaimudu. Mkanda wa volti 5 ni jambo jingine: kila taa huweza kula miliampea 60 ikiwaka nyeupe kamili, kwa hiyo sentimita 40 ni ampea 1.44 na pande mbili ni karibu 2.9. Soketi nyingi zina kikomo cha ampea 3, na kufanya kazi mpakani hivyo si salama. Chukua umeme kutoka pawa saplai kwa plagi ya SATA (ile ya kuwashia diski), ambayo hubeba hadi ampea 4.5 kwenye volti 5, na kutoka kwenye mazabodi chukua waya wa data (unaobeba amri za rangi) na wa hasi tu. Hasi zote ziungane. Volti 5 ya mazabodi na ya pawa saplai zisiunganishwe. Kwenye plagi za Molex, zile za zamani za pawa saplai, waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, na mweusi ni hasi.

Mkanda wa volti 12 ukatwe kwenye alama tu, kila baada ya LED 3. Mkanda wa data, yaani ule wa volti 5, una mshale: umeme na data huingia upande ambapo mshale unaanzia. Lehemu kwa pasi ya wati 30 hadi 40 bila kukawia, funika maungio kwa mpira wa kusinyaa, na weka fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa volti 12 wa mkanda mfupi. Mfereji wa alumini unapitisha umeme, kwa hiyo ncha ya mkanda iliyokatwa ifunikwe kwa tepu.

Nembo ndogo haihitaji mkanda. LED nyeupe 3 za milimita 3, zikiwa zimefuatana, hula takriban volti 9.6, kwenye volti 12 zitahitaji rezista ya omu 120 zipate miliampea 20. LED moja peke yake ipewe omu 470. Nyekundu hula volti 2 tu kila moja, hivyo 5 mfululizo na rezista ya omu 100.

Kufunga, na kasoro zinazojitokeza

Kazi yote ya vumbi ifanyike mbali na kompyuta. Paneli ikishakamilika ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikaushe kwa kupangusa taratibu na kitambaa laini chenye unyevu. Kitambaa kikavu huijaza umeme tuli unaovuta vumbi, na kila punje ya vumbi itawaka. Vaa glavu safi, chomoa kompyuta kwenye umeme, funga paneli upande wenye ukungu ukiangalia ndani, kisha washa taa chumba kikiwa na giza.

Doa angavu linalofanana na kidole kwenye ukungu ni mafuta yaliyojaza mikwaruzo. Sabuni ya vyombo na mswaki laini huyaondoa. Mchoro hafifu wenye mstari mkali pembeni ni ukingo usiong'arishwa vizuri, au taa isiyolenga katikati ya unene. Sogeza mfereji kabla hujarudi kwenye msasa. Mwisho wa mkanda wa volti 5 ukigeuka njano au wekundu wakati umechagua nyeupe, volti zimepungua njiani. Bluu na kijani huhitaji volti nyingi kuliko nyekundu, hivyo hufifia kwanza. Peleka waya mwingine wa volti 5 na hasi kwenye ncha hiyo ya mbali. Mikwaruzo midogo inayowaka kwenye sehemu angavu huondolewa kwa msasa wa 1200, kisha 2000 na maji, halafu Brasso, ukisugua eneo pana kuliko mkwaruzo wenyewe. Nyufa nyembamba zinazotokea kuzunguka tundu la skrubu zina maana kwamba skrubu imekazwa mno au tundu ni dogo: ilegeze leo, kwa sababu ufa huo hautasimama hapo ulipo.